Maisha ya Mkwawa, Sultani wa Uhehe

Msomaji na ajue ya kuwa nchi haipimwi kwa upana wa ardhi yake peke yake. Ziko dola ulimwenguni ambazo mtu huweza kuzizunguka kwa miguu baina ya sala ya alfajiri na sala ya adhuhuri, nazo zina bendera zao na sheria zao. Vatican, iliyo ndani ya mji wa Roma, haifiki nusu ya kilomita moja ya mraba. Monaco haifiki kilomita tatu za mraba, na kisiwa cha Nauru, kilichokuwa zamani chini ya Wadachi, ni kilomita 21. Katika nchi za Waislamu iliyo ndogo kuliko zote ni Maldivi, visiwa ambavyo ardhi yao yote ikikusanywa ni kama kilomita za mraba 300. Nchi hizo zinaishi hata leo. Nyingine zilizokuwa kubwa kuliko hizo mara nyingi zimefutika, na jina lao limebaki katika vinywa vya wazee tu. Maisha ya Mkwawa wa Uhehe yanaonyesha jinsi nchi ndogo inavyojengwa, jinsi inavyobomolewa, na jambo gani hubaki baada ya ukuta wake kuanguka.

Katika nyanda za juu za kusini, kule ambako leo iko miji ya Iringa na Mbeya, zamani hapakuwa na dola moja kubwa. Palikuwa na nchi ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake, na mpaka wake ulikuwa kijito au mgongo wa mlima. Huko Unyakyusa, karibu na mlima wa Rungwe, mila yenyewe ilizidi kuzipunguza nchi. Mtemi alipokuwa mtu mzima na wanawe wamekwisha kuwa waume, ilifanywa sherehe iitwayo ubusoka, na nchi ikagawanywa kwa wana wake wawili. Basi kila kizazi nchi moja ilizaa nchi mbili, na wakuu wakawa wengi na nguvu ya kila mmoja ikawa chache.

Uhehe nao ulikuwa hivyo hivyo. Palikuwa na watemi waliozidi kumi, hawa wakipigana na hawa kwa ajili ya ng'ombe na malisho. Wazee wa Uhehe husimulia kwamba ukoo wa Mkwawa ulianza kwa mwindaji mgeni aliyeitwa Mufwimi, aliyefika katika nchi ya Ng'uluhe akitafuta nyama. Akazaa na binti wa mtemi wa huko mtoto wa kiume jina lake Muyinga, kisha akaenda zake. Mtoto akakua kwa wajomba zake, na utemi ukamwangukia yeye. Katika kizazi chake akatoka Munyigumba, babaye Mkwawa.

Munyigumba alikuwa mtu wa vita na mtu wa shauri. Katikati ya karne ya kumi na tisa alizitwaa zile nchi ndogo moja baada ya moja. Baadhi ya watemi aliwashinda kwa mkuki, na wengine aliwafunga kwa kuoana nao. Wala hakuwaondoa wote katika nchi zao, bali aliwaacha wengine wawe chini yake, wakampa heshima na askari. Hivyo watu waliokuwa wakiitana kwa majina ya vilima vyao wakaanza kuitwa kwa jina moja, Wahehe. Upande wa magharibi alipigana na Wasangu wa Merere, watu wenye nguvu waliokaa Utengule katika bonde la Usangu. Mwisho Wasangu walishindwa, wakahama na mtemi wao mpaka Usafwa, karibu na mahali ulipojengwa baadaye mji wa Mbeya. Huko wakajenga boma jipya, wakaliita vile vile Utengule, kwa kuikumbuka nchi yao. Jambo hili msomaji asilisahau, kwa kuwa mwisho wa habari hii unatoka humo.

Mkwawa alizaliwa mahali paitwapo Luhota, kadiri ya mwaka wa 1855. Jina lake refu ni Mkwavinyika, na maana yake ni mtu atwaaye nchi. Munyigumba alipofariki, kadiri ya mwaka wa 1879, kijana huyu hakuupata urithi wake kwa raha. Alikuwako mtu mmoja jina lake Mwambambe, aliyeolea katika nyumba ya Munyigumba, naye akautamani utemi. Akazusha fitina na damu ikamwagika ndani ya ukoo. Mkwawa akapelekwa Ugogo ili asiuawe. Alipopata nguvu akarudi, na watu waliompenda babaye wakamzunguka, naye akamshinda Mwambambe. Mahali walipopigana mara ya mwisho pakaitwa Lundamatwe, yaani palipokusanyika mafuvu ya vichwa, kwa wingi wa waliokufa hapo.

Tangu siku hiyo Mkwawa alitawala bila mshindani katika Uhehe. Vita vya Wangoni vilivyoanza zamani za babaye vikaendelea miaka kadha wa kadha, hata pande zote mbili zikachoka, na katika mwaka wa 1882 wakafanya amani. Kisha Mkwawa akaugeuza uso wake kaskazini na mashariki, Ugogo na Usagara, katika njia za misafara itokayo Bagamoyo.

Watu wa pwani walimjua vema. Wafanya biashara walikwenda kwake na nguo na baruti, wakarudi na pembe za ndovu, na wao ndio waliomwita sultani, kwa kuwa hawakuwa na neno jingine la kumwita mtu mwenye enzi kama ile. Mwenye kupita kwa amani na kulipa hongo alipita. Mwenye kukataa alipigwa, na mali yake ikachukuliwa. Wala haifai kuficha kwamba majirani wa Uhehe waliteseka. Vijiji vingi vya Ugogo na Usagara vilichomwa, na ng'ombe na watu wakachukuliwa mateka. Mkwawa hakuwa Mwislamu, alifuata dini ya wazee wake, na aliyoyatenda aliyatenda kwa desturi ya wafalme wa zama zake. Mwenye insafu huyataja mema ya mtu na mabaya yake, na hukumu humwachia Mola.

Makao yake yalikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, si mbali na Iringa ya leo. Alipoona kwamba zama zinabadilika, akaanza kuuzungushia mji ukuta wa mawe, na kazi hiyo ikachukua miaka. Ndani ya ukuta zilikuwako nyumba zake, ghala za baruti na za pembe, na mazizi ya ng'ombe. Katika bara yote ya kusini hapakuwa na ngome mfano wake.

Wakati huo huo, mbali sana na Kalenga, wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mistari juu ya karatasi. Kwa mapatano ya mwaka wa 1886 Waingereza na Wadachi waligawana bara, na Seyyid Barghash wa Unguja akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa maili kumi wa pwani. Kisha kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Wadachi waliridhia Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Kiingereza, wakaiacha na nchi ndogo ya Witu. Miongoni mwa walivyopewa ni kisiwa cha Heligoland, kilichomo katika bahari ya kaskazini, ambacho ukubwa wake haufiki maili moja ya mraba. Mwamba mdogo vile ulitiwa katika mizani pamoja na dola ya Unguja. Uhehe ulihesabiwa kuwa mali ya Wadachi tangu siku ilipoandikwa ile karatasi ya kwanza, na Mkwawa hakuulizwa wala hakuambiwa.

Wadachi walipokwisha kuvivunja vita vya Abushiri pwani, wakataka njia za misafara ziwe zao, na hongo isitozwe na mtu mwingine. Wajumbe wakaenda na kurudi, na mapatano hayakupatikana. Katika mwaka wa 1891 akatumwa jemadari wa jeshi lao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Watu wa Pangani walimjua tangu mwaka wa 1888, alipokuwa mkuu wa Kampani ya Kidachi katika mji wao. Ndiye aliyeingia katika ugomvi mkubwa juu ya bendera ya Seyyid, katika siku za Idi ya kuchinja. Wakasimulia pia kwamba msikiti uliingiwa kwa viatu na kwa mbwa. Mambo hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyowasha moto wa Abushiri.

Nyundo akapanda bara na askari wa Kisudani na wa Kizulu, pamoja na mizinga, bombomu na wapagazi wengi. Akachoma vijiji njiani. Husimuliwa ya kwamba Mkwawa alituma watu wa kusema naye, nao wakapigwa risasi. Basi Mkwawa akakata shauri la vita. Mashujaa wake wakajificha nyuma ya majabali na vichaka huko Lugalo, upande wa mashariki wa Kalenga, mahali ambapo njia ni nyembamba. Tarehe 17 Agosti 1891, katika mwezi wa Muharram wa mwaka 1309 wa Hijra, jeshi likaja katika mstari mrefu, bunduki zi mabegani na mizinga imefungwa kama mizigo. Bunduki moja ililia kuwa ishara, na Wahehe wakawaangukia kwa mikuki kutoka ubavuni. Askari hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya mara moja au mbili. Katika muda mdogo kuliko muda wa kuchemsha sufuria ya wali, jeshi lilikuwa limekwisha. Nyundo aliuawa yeye na Wazungu wenziwe, jumla yao watu kumi, na mamia ya askari na wapagazi. Wachache waliokuwa nyuma ndio waliookoka na kupeleka habari. Bunduki kama 300 na mizinga vikaingia mikononi mwa Mkwawa. Lakini Wahehe pia walipoteza watu wengi, na mashujaa kama wale hawazaliwi kwa mwaka mmoja.

Habari ile ilifika pwani na Ulaya kwa mshituko. Miaka mitatu ikapita, na Mkwawa akazidi kuuimarisha ukuta wake. Huenda alidhani ya kuwa ukuta utafanya kazi iliyofanywa na majabali ya Lugalo. Walakin penye majabali adui hakujua aliko mwenye nchi, na penye ukuta kila mtu alijua. Mwisho wa Oktoba 1894, mwaka 1312 wa Hijra, Gavana von Schele alifika mbele ya Kalenga na jeshi kubwa kuliko la kwanza, na mizinga ikaelekezwa juu ya mji. Tarehe 30 Oktoba askari wakapenya ukutani, na baada ya vita vya nyumba kwa nyumba Kalenga ikaanguka. Pembe na baruti zikatekwa. Mkwawa mwenyewe hakupatikana, alikuwa amekwisha kuingia msituni.

Hapa ndipo lilipozaa tunda lile jambo la Wasangu. Merere, mwana wa yule aliyefukuzwa, hakusahau Utengule ya wazee wake. Akafanya urafiki na Wadachi ili alipize kisasi, na baadhi ya majirani wengine waliokuwa wameumizwa na Uhehe wakafanya vile vile. Wadachi hawakuwa na askari wengi, na kama nchi zile ndogo zingalisimama pamoja, kazi yao ingalikuwa nzito. Lakini kila moja ilikuwa na deni la damu kwa mwenziwe. Merere akapata aliyoyataka, akairudia nchi yake ya zamani katika bonde la Usangu. Lakini aliirudia akiwa chini ya amri ya mgeni, na bendera iliyopepea Iringa ndiyo iliyopepea juu yake na yeye. Aliyemwita simba zizini ili amfukuze chui wa jirani, hakumweza simba kumtoa.

Katika mwaka wa 1896 Tom von Prince, aliyeitwa na watu Bwana Sakarani, alijenga boma la Iringa na kukaa hapo. Shauri lake lilikuwa kuikata Uhehe vipande, irudi kuwa nchi ndogo ndogo kama ilivyokuwa kabla ya Munyigumba. Mpangile, ndugu yake Mkwawa kwa baba, akafanywa mtemi mwishoni mwa mwaka huo. Hazikupita hata siku mia Wadachi wakamtuhumu kwamba anamsaidia nduguye kwa siri, wakamnyonga katika Februari 1897. Watu wakaona ya kuwa utemi unaotolewa na mgeni ni kama nguo ya kuazima, mwenyewe akitaka huivua.

Mkwawa alikaa msituni kwa muda wa miaka karibu minne. Kichwa chake kilitangaziwa malipo ya rupia 5000, mali ambayo mtu maskini hakupata kuiona hata katika ndoto. Askari walipita vijijini wakichoma vyakula na kuchukua watu rehani ili wapate kuambiwa alipo. Juu ya hayo yote walikuwako watu waliompelekea chakula usiku, na siku kwa siku Wadachi walifika mahali pake moto ungali una joto naye amekwisha kwenda. Dola ilikuwa imekwisha kuvunjika, haina mji wala hazina, hata hivyo ilikuwa bado imo katika nyoyo za watu.

Kidogo kidogo wenzake wakapungua, wengine kwa risasi, wengine kwa njaa na ugonjwa. Mwisho alibaki na vijana wawili, naye mwenyewe amedhoofika. Kijana mmoja akaachana naye, akakamatwa na askari wa Merkl, akawaonyesha njia. Tarehe 19 Julai 1898 wakafika Mlambalasi, magharibi ya Iringa. Wakaona watu wawili wamelala karibu na moto, wakapiga risasi. Walipokaribia wakamkuta Mkwawa amekwisha kufa, amejipiga risasi kwa mkono wake kabla hawajafika, na kijana wake ameuawa ubavuni pake.

Uislamu haumruhusu mtu kuiua nafsi yake, kwa kuwa nafsi ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mwenye imani husubiri hata katika kifungo. Kwa jambo hilo Mwislamu hamfuati Mkwawa. Lakini aliyemkatalia adui asimwone akitembezwa na minyororo sokoni, wala asimtie saini katika karatasi ya kuiuza nchi, watu hawakuweza kumwita mwoga.

Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Iringa, na fuvu likachukuliwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi. Wadachi walidhani ya kuwa habari imekwisha. Ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914, Wadachi wakashindwa, na tarehe 28 Juni 1919 ukatiwa saini mkataba wa Versailles, ulioamua mambo ya falme kubwa na nchi ndogo. Katika kifungu cha 246 cha mkataba huo yametajwa mambo mawili pamoja. La kwanza ni Msahafu wa Sayyidna Uthman, uliosemwa kwamba Waturuki waliutoa Madina na kumpa Kaisari wa Wadachi. Uliamriwa urudishwe kwa mfalme wa Hijazi. La pili ni fuvu la Sultani Mkwawa, nalo likaamriwa likabidhiwe serikali ya Kiingereza. Muhula wa yote mawili ulikuwa miezi sita. Katika karatasi ile ile waliyoandikiana wakubwa wa dunia, nchi ndogo ya Uhehe, ambayo zamani iligawanywa bila kuulizwa, ilitajwa jina la mtawala wake.

Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining alilitafuta fuvu katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, ambako yaliwekwa mafuvu mengi sana. Akachagua moja ambalo vipimo vyake vilikuwa karibu na vipimo vya vichwa vya jamaa ya Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa huko Kalenga mbele ya umati wa Wahehe, na aliyelipokea ni Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Adam Sapi huyu ndiye aliyekuwa baadaye Spika wa Bunge la Tanganyika, na la Tanzania, miaka mingi. Utemi wenyewe ulifutwa na sheria katika mwaka wa 1963, pamoja na utemi wote wa nchi. Uhehe na Usangu, na vile vinchi vya Unyakyusa, vyote vikawa ndani ya nchi moja, na watoto wa Merere na watoto wa Mkwawa wakaketi katika baraza moja.

Katika maisha haya mna mafunzo kwa mwenye akili. Munyigumba alizikusanya nchi ndogo kwa mkuki na kwa ndoa, na zile alizozikusanya kwa ndoa zilidumu kuliko zile za mkuki. Mkwawa alimshinda adui mgeni katika siku moja ya Lugalo, lakini hakuweza kumshinda kwa miaka saba, kwa sababu majirani aliowaumiza walikuwa wamekwisha kuwa macho ya adui. Na Merere alipata ardhi akapoteza enzi. Nchi ndogo haifi kwa udogo wake, maana ndogo kuliko Uhehe zinaishi hata leo. Hufa mwenye nchi akiwa hana jirani wa kumlilia wakati wa dhiki. Kwa hiyo mtu na amwangalie jirani yake, katika mji na katika mtaa na katika nyumba, kabla ya kuangalia unene wa ukuta wake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye ufalme wote, humpa amtakaye na humnyang'anya amtakaye, na marejeo ya kila mwenye enzi ni kwake.